KIBARUA NI KIBARUA, HATA AKIVAA JOHO



Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akaleta shauri. Alisema: Sasa tuna vyuo vikuu viwili karibu na kwetu, kimoja Rongo na kimoja Homa Bay. Watoto wetu wamesoma, wana shahada, na kazi hawana. Basi tuchague wazee watano waende kuwaona wakubwa wa siasa, ili nafasi za kufundisha na za utafiti wapewe watoto wa wanachama kwanza, kabla ya watu wa mbali.

Watu walipiga makofi. Hata sisi tunaoandika haya tulipiga makofi.

Lakini tumerudi nyumbani tukafikiri, na leo twasema wazi: shauri lile ni baya. Hatusemi kwamba watoto wetu hawastahili. Twasema kwamba dawa hiyo ndiyo iliyotuletea ugonjwa. Twaomba mtuvumilie tueleze, halafu mkutano ujao kila mtu apige kura kwa akili yake.

SISI NI NANI

Sisi ni watu wa genge la reli, wenyeji wa Osiri na vijiji jirani, huko Migori na Homa Bay. Kwetu hakuna reli. Reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na mpaka leo haijakata kona kuja kusini kwetu. Tulipotaka kazi ya reli tulipanda matatu kuifuata. Masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Mambo ya maprofesa hatuyajui. Lakini neno moja twalijua kuliko profesa yeyote: twajua kibarua ni nini.

Wazee walitueleza asili ya neno hilo. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi mtu alichopewa kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku, akakipeleka kwa karani apate ujira wake. Siku hizi yupo kibarua asiyepewa hata kikaratasi. Huyo hayuko relini wala bandarini. Yuko chuo kikuu, anafundisha watoto wetu.

MAMBO YALIYOMPATA KIJANA WETU

Mwenzetu mmoja wa genge ana mwana. Kijana huyu tulimsomesha sisi sote kwa harambee: mwezi huu huyu anatoa mia mbili, mwezi ujao yule anatoa mia tano. Akapata shahada ya kwanza, kisha ya pili. Siku aliyovaa joho tulichinja mbuzi. Tulisema: sasa Osiri ina mwalimu wa chuo kikuu.

Akaanza kutafuta kazi. Gazeti likitangaza nafasi, anatoa nakala za vyeti vyote, si moja bali kumi, maana kuna vyuo vinavyotaka kumi. Kisha anaambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi, cheti cha ofisi ya kodi, cheti cha bodi ya mikopo ya elimu, cheti cha tume ya maadili, na cheti cha ofisi inayoandika watu wenye madeni. Mtu asiye na kazi anatakiwa athibitishe kwamba amelipa kodi na kwamba hana deni! Vingine vya vyeti hivyo vina ada, na vyote vina nauli. Anapeleka bahasha mwenyewe, anaonyeshwa sanduku, anatumbukiza, anarudi. Jibu haliji. Si ndiyo, si hapana.

Mara moja aliitwa kwa mahojiano. Alipofika alimkuta mtu tayari amekalia kiti kile kile tangu mwezi uliopita. Mahojiano yalikuwa ya kutimiza desturi tu. Walimwita ili kitabu kionyeshe kwamba watu waliitwa.

Hatimaye simu ikalia. Mkubwa wa idara katika chuo kimoja, jina tunaliacha, akamwambia: njoo Jumatatu ufundishe yuniti nne. Mkataba? Utakuja. Malipo? Yatakuja. Akafundisha muhula mzima, akasahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi kwa taa ya nyumba ya kupanga. Mkataba haukuja. Malipo hayakuja. Muhula wa pili akaitwa tena, akaenda tena. Tukamkemea: kwa nini unarudi? Akajibu: nikikataa, watamwita mwingine, na siku nafasi ya kudumu ikitokea hawatanikumbuka.

Ndugu wa genge, maneno hayo mmewahi kuyasikia wapi? Si ndiyo tuliyosema sisi wenyewe tulipokuwa vibarua wa mwenye kandarasi, tukibeba mataruma miezi na miezi na kuambiwa kesho tutaandikwa?

Likizo ilipofika kijana alirudi Osiri akaingia shimoni kuchimba dhahabu pamoja na wenzake wa darasa la nane. Akapasua mawe, akapeleka kwenye karasha, akapata chembe zake, akauza. Kwa pesa zile akalipa nauli ya kurudi kufundisha. Yaani shimo la Osiri ndilo lililokuwa likilipa gharama za chuo kikuu!

Akapata pia kazi ya utafiti. Watafiti hupenda sana kuja kwetu. Wanatafiti zebaki tunayosafishia dhahabu, wanatafiti samaki wa ziwa, wanatafiti magonjwa. Kijana alipewa mkataba wa miezi mitatu, akatembea nyumba kwa nyumba akiwauliza mama zetu maswali kwa lugha yao, jambo ambalo bwana mkubwa wa utafiti asingeliweza hata kwa mwaka mzima. Pesa za wafadhili zilipokwisha aliachishwa kwa ujumbe wa simu. Kitabu cha utafiti kikatoka. Jina lake halimo.

KOSA LETU WENYEWE

Sasa tuseme la aibu, maana anayemsema mwenziwe na aanze na nafsi yake. Sisi wa genge tulichanga shilingi elfu themanini tukampa mtu aliyesema anajuana na wakubwa wa chuo. Alisema nafasi imeshapatikana, imebaki sahihi tu. Hatujamwona tena. Tulikwenda wapi kushtaki? Popote. Mtu aliyetoa rushwa hana mlango wa kubisha.

Na ndugu aliyeleta shauri lile mkutanoni anataka tufanye jambo lile lile, ila tu bila pesa. Badala ya dalali mmoja wa mjini, wazee watano. Badala ya bahasha, kura zetu. Lakini mlango ni ule ule wa nyuma.

BARUA YA WANGARI MAATHAI

Kuna watu wanaodhani mambo haya yameanza juzi. Wasikilize habari hii.

Mwaka 1959 Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alitafuta pesa Marekani akasafirisha kwa ndege wanafunzi 81 kwenda kusoma huko. Mwaka 1960 wakaenda wengine wengi, na mmoja wao alikuwa msichana wa Nyeri, Wangari, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma Kansas, kisha Pittsburgh. Januari 1966 alirudi nyumbani akiwa na barua mkononi: ameajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti kwa profesa wa elimu ya wanyama katika chuo kikuu, Nairobi.

Alipofika kuanza kazi akaambiwa kazi ile imepewa mtu mwingine. Barua yake haikufaa kitu. Mwenyewe aliamini kwamba alinyimwa kwa sababu mbili: ni mwanamke, na si mtu wa kabila la mwenye ofisi. Alitafuta kazi miezi miwili, mpaka profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, alipompa kazi ya utafiti katika idara mpya ya uganga wa mifugo. Mwaka 1971 akapata udaktari, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Mwaka 2004 akapata tuzo ya amani ya Nobel.

Nchi hii ilikaribia kumpoteza mtu wa namna hiyo kwa sababu kazi ilitolewa chini ya meza. Wangapi wamepotea tusiowajua?

Lakini sikilizeni na sehemu ya pili. Wangari alipokuwa mwalimu pale Nairobi aliona wanawake hawapewi marupurupu sawa na wanaume. Je, alimtafuta mjomba? Hapana. Pamoja na wenzake alijaribu kukigeuza chama cha kirafiki cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanyakazi, ili kiweze kukaa mezani na tajiri. Mahakama ilikataa. Hata hivyo mengi waliyodai yalipatikana baadaye. Mwanamke yule msomi alifika kwa miguu yake mwenyewe mahali pale pale walipofika makuli wa bandari na watu wa reli.

NYUMBA YENYE JINA LA MBOYA

Chuo kikuu cha Homa Bay, kilichoanza mwaka 2016 kama tawi la Maseno, kinaitwa kwa jina la Tom Mboya. Tukumbuke alikuwa nani kabla hajawa waziri. Baba yake alikuwa mnyapara wa shamba la mkonge. Yeye alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi. Alianzisha chama cha wafanyakazi wa mabaraza, na mwaka 1953 akawa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikwenda Mombasa kusimama na makuli waliogoma, nao wakapata nyongeza ya mshahara. Aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Hatukilaumu chuo hicho wala cha Rongo kwa mambo ya kijana wetu. Twasema tu kwamba ni ajabu kwenda kwenye nyumba iliyopewa jina la mtu wa chama, tukaomba kuingia kwa mlango wa ukoo.

Wazee wetu wa reli walikuta kazi zimegawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na mshahara vivyo hivyo. Hawakuuvunja ukuta ule kwa kutafuta mjomba ofisini. Mjomba ofisini walikuwa hawana! Waliuvunja kwa chama.

HESABU YA MILANGO

Ndugu mwenye shauri atasema: lakini wengine wanafanya hivyo, kwa nini sisi tuwe wajinga? Kweli, wengine wamefanya. Septemba 2016 viongozi wa siasa waliandamana Eldoret kumpinga kaimu mkuu wa Chuo Kikuu cha Moi, kwa kuwa si mtu wa kabila la mahali pale. Sheria ya utangamano ya mwaka 2008 inasema ofisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa kabila moja, na bado watu wanaipita kando.

Basi tufanye hesabu ya sokoni. Kenya ina vyuo vikuu vya umma zaidi ya thelathini. Karibu na kwetu viko viwili. Kila kijiji kikifunga chuo chake kwa watu wake, watoto wetu wamebakiwa na milango miwili, na mingine yote imefungwa kwa kufuli tuliyoisifu sisi wenyewe. Nani amepata faida hapo? Anayepata ni mkubwa mwenye ufunguo, kwa sababu sasa kila mzazi atakwenda kumpigia magoti.

Na mnadhani mkubwa huyo atampa mtoto wa mtu wa genge? Yeye ana watoto wa dada zake.

KINACHOTUHUSU SISI

Wengine watasema: waacheni wasomi walie, wao si wafanyakazi kama sisi. Hilo ni kosa kubwa.

Kwanza, chuo kinaendeshwa kwa kodi yetu na kwa karo tunayotoa. Pili, mwalimu asiyelipwa hushikilia alama za mitihani, maana hana silaha nyingine. Mtoto wako anamaliza miaka minne, halafu anaambiwa alama zake hazionekani. Hafuzu. Wewe unadhani mtoto ni mvivu, kumbe ujira wa mwalimu wake umelala kwa tajiri. Misheni tulifundishwa kwamba ujira wa kibarua kulala kwa tajiri hata usiku mmoja ni dhambi. Huu umelala miaka.

Tatu, tajiri akijifunza kumtumia mwenye shahada mbili bila mkataba, atamwonea haya nani? Mtu wa mataruma?

Tena tazameni ngazi yenyewe. Mwaka 2014 tume ya elimu ya vyuo vikuu ilitoa kanuni kwamba mhadhiri sharti awe na udaktari. Mwenye shahada ya pili ni mhadhiri msaidizi. Anayetaka kupanda sharti aandike katika majarida ya kitaalamu, na baadhi ya majarida hutaka pesa kabla ya kuchapa. Hatukatai elimu iwe na masharti. Hata dereva wa treni hapewi injini bila mtihani. Lakini kijana asiyelipwa atalipa karo ya udaktari kwa nini? Kwa mawe ya Osiri? Ngazi iliyokatwa vipandio vya chini hupandwa na wenye mbawa tu, yaani watoto wa matajiri.

SHERIA IKO, INALALA

Yafaa kila mwanachama ajue mambo haya, akamweleze mtoto wake.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa sawa, kuingia katika chama na kugoma. Kifungu cha 232 chasema kazi za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi. Muhula wa chuo ni zaidi ya miezi mitatu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo chasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima, au aliyepewa kazi isiyoweza kwisha kwa miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mawakili wa vyuo watabishana, watasema mwalimu wa muda si kibarua. Vizuri. Kama si kibarua, na apewe mkataba wa mwajiriwa. Kama ni kibarua, na apewe haki ya kibarua. Asinyimwe vyote viwili.

Mwaka 2022 sheria hiyo ilirekebishwa: tajiri haruhusiwi kudai vile vyeti vya kodi na madeni mpaka awe ameamua kumwajiri mtu. Tangazo linalovidai mapema linakwenda kinyume.

Na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari yampa mwananchi ruhusa ya kuiandikia ofisi ya umma kuuliza, nayo ofisi ina siku 21 za kujibu. Kijana aliyehojiwa na kunyamaziwa aandike aulize alipata alama ngapi na nani alichukuliwa. Wasipojibu, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Walimu wa vyuo wenyewe wana chama chao, UASU. Serikali ilikataa kukiandikisha miaka ya 1990, hata walimu wakafukuzwa kazi kwa kugoma, lakini hawakuacha. Kiliandikishwa mwaka 2003. Mwaka 2025 waligoma siku 49, kuanzia Septemba mpaka Novemba, wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021, na serikali ikakubali kulipa kwa mafungu mawili. Hata wenye ajira ya kudumu wanagoma ili walipwe haki yao ya zamani, sembuse wa muda!

SHAURI LETU

Kwa hiyo mahali pa shauri la wazee watano, sisi twaleta hili:

1. Tawi liandikie vyuo viwili vya kwetu kutaka kila nafasi itangazwe wazi, pamoja na cheo na mshahara, na majina ya walioitwa na ya waliochukuliwa yabandikwe ubaoni.

2. Mwalimu wa muda asiingie darasani bila mkataba wa maandishi wenye kiasi cha malipo na tarehe ya kulipa, na alipwe kila mwezi.

3. Anayefanya utafiti kwetu awape wasaidizi wa hapa mkataba wa muda wote wa kazi, aandike majina yao katika kitabu, na matokeo yarudishwe Osiri yasomwe kwa lugha tunayoielewa.

4. Nafasi za kufundisha huku mtu akisomea udaktari ziongezwe, na zishindaniwe na watu wote, awe wa Osiri, wa Lodwar au wa Lamu.

5. Katibu wa tawi akutane na ndugu wa UASU walio katika vyuo hivyo, tujue vibarua wao ni wangapi na tuwasaidieje.

6. Tawi liweke siku moja kwa mwezi ya kuwasaidia watoto wa wanachama kuandika maombi na barua za kuuliza majibu.

7. Kila mwanachama aape mbele ya mkutano kwamba hatatoa hata senti kwa dalali wa kazi. Sisi wa genge tutaapa kwanza, kwa kuwa sisi ndio tuliotoa.

Tunajua njia hii ni ndefu. Kijana wetu anaweza kushindana kwa haki na kushindwa na mtoto wa mtu wa Kitui. Ikiwa hivyo tutaumia, lakini tutajua alishindwa na mtu, si na simu. Na siku atakaposhinda, hakuna atakayeweza kumwambia kwamba kazi ile alipewa kwa huruma, wala kumnyang'anya mkubwa yule atakapokosa kura.

Kijana amesoma karatasi hii kabla hatujaileta kwa karani. Alitaka tutoe habari ya shimo, akisema wanafunzi wake watamcheka. Tukamwambia: mwenye kuona haya hapa si wewe. Akanyamaza kidogo, akasema, basi iacheni.

Mkutano ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada. Njooni wote, na mje na watoto wenu wenye shahada.

Umoja ni nguvu.

Wenu katika chama,
Watu wa genge, wenyeji wa Osiri